Kisukuma cha Kimara

Kaa sebuleni kwa Wasukuma wa Dar es Salaam jioni moja, usikilize nani anaambiwa nini. Baba na mama wanazungumza Kisukuma kuhusu ada, kuhusu mgonjwa aliyelazwa Bugando, kuhusu kaka aliyeuza ng'ombe bila kumwambia mtu. Simu ikilia kutoka Magu au Bariadi, sauti zinapanda mpaka jirani ajue kuna habari. Kisha anapita mtoto, na mzazi yule yule anageuza shingo: "Wewe, umekula?" Kwa Kiswahili. Hakuna kikao kilichokaliwa kuamua hivyo. Imekuwa tu. Na mtoto, hata kama ana miaka miwili, anakuwa ameshaelewa kwamba Kisukuma ni lugha ya watu wazima, ya simu, ya siri na ya misiba. Yeye hahusiki.

Ndiyo maana sikubaliani na ndugu zangu wanaosema Kisukuma hakiwezi kupotea kwa kuwa sisi ni wengi. Wengi tupo kweli. Sensa iliacha kuuliza kabila baada ya ile ya 1967, lakini sijawahi kusikia mtu akibisha kwamba Wasukuma ndio kabila kubwa kuliko yote Tanzania. Tumejaa Mwanza, Shinyanga, Simiyu na Geita, na wafugaji wetu wamesogea na mifugo yao hadi Katavi, Rukwa, Mbeya na Bonde la Kilombero. Ila mwaka 2003 wataalamu waliokutanishwa na UNESCO walipoorodhesha vigezo tisa vya kupima uhai wa lugha, walichokitanguliza ni kama wazazi wanairithisha kwa watoto. Wingi wa wasemaji ukaja baada ya hapo. Lugha ya mamilioni inaweza kuondoka nyumba baada ya nyumba, kila nyumba ikiamini kwamba ile ya jirani bado inaendelea nayo.

Mimi nimezaliwa Kwimba, nikakulia Ngudu. Kiswahili nilikuja kukijua vizuri nilipoanza shule. Sasa naishi Kimara, nina binti wa miaka sita na mtoto wa kiume anayekaribia mitatu, na wote wawili naongea nao Kisukuma. Niliamua hivyo nikiwa na mimba ya kwanza. Aliyenifanya niamue ni mume wangu, ambaye Kisukuma hakijui. Yeye ni Mpare.

Alikulia Tanga mjini kwa wazazi waliokuwa wakiongea Kipare wao kwa wao na Kiswahili na watoto. Kila likizo alipelekwa kwa bibi yake, juu milimani, upande wa Same. Bibi akisema kwa Kipare, yeye anajibu kwa Kiswahili, na maisha yanakwenda. Bibi Kiswahili alikuwa nacho cha kutosha: cha kanisani, cha gulioni, cha kumtuma mtoto dukani. Hakuna aliyeona pengo lolote. Kisha bibi akazeeka sana, na kumbukumbu zikaanza kumwacha. Kiswahili ndicho kilichotangulia kuondoka, maana ndicho alichokipata ukubwani. Kikabaki Kipare peke yake. Mume wangu alikuwa akienda kumwona anakaa pembeni ya kitanda, anaelewa karibu kila neno, na hawezi kumjibu. Bibi anamuuliza jambo, yeye anaangalia mdomo wake mwenyewe ukikosa cha kusema. Mwisho bibi akawa anamwambia shangazi, mbele yake: huyu kijana ni nani, mbona haongei?

Alinisimulia hayo usiku mmoja nikiwa mjamzito wa miezi saba, na hakuwa akinifundisha chochote. Alikuwa anamlilia bibi yake. Lakini mimi nilimwaza mama yangu.

Mama yangu kwa Kiswahili ni mama mpole. Anasema "hamjambo wajukuu", anasema "msome kwa bidii", anasema "Mungu awabariki", na hapo amefika mwisho wa njia yake. Watu wa Dar wanaomfahamu kwa Kiswahili huniambia, mama yako ni mtulivu sana. Kwa Kisukuma mama yangu si mtulivu hata kidogo. Anabishana, anatania, anaiga sauti za watu, anajua ukoo wa kila mtu na kashfa za ukoo huo toka enzi za watemi. Anaweza kukusimulia safari ya kwenda kisimani mpaka ukaahirisha kulala. Nikajiuliza, wanangu watampata yupi kati ya hao wawili? Kama nitawapa Kiswahili peke yake, watakuwa na bibi wa maneno kumi. Watampenda, na atawapenda, na hawatajuana.

Hilo ndilo ninalotaka wazazi wenzangu walifikirie kabla ya kufikiria mambo ya utamaduni, mila na urithi. Maneno hayo ni makubwa na mtoto wa miaka mitatu hayahitaji. Anayehitajika ni mtu.

Najua swali linalofuata, kwa sababu nimeulizwa kanisani, kazini na kwenye vikao vya harusi. Je, huku si kurudisha ukabila? Kiswahili si ndicho kilichotuunganisha? Ndiyo, kilituunganisha, na mimi nisingeolewa na Mpare bila Kiswahili. Nakipenda, hata nikipiga hesabu kichwani napiga kwa Kiswahili, na makala hii sikuweza kuiandika kwa lugha nyingine. Lakini tutazame walioijenga nchi hii kwa Kiswahili walitokea wapi. Mwalimu Nyerere alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka kumi na miwili hivi, na Kizanaki chake kikiwa kimekamilika kinywani. Baadaye ndiye aliyemtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili. Kizanaki hakikumzuia. Ng'ambo ya maji kutoka kwetu, kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza aliandika riwaya yake kwa Kikerewe akaimaliza mwaka 1945. Hakupata mchapishaji kwa lugha hiyo. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikatoka mwaka 1980, karibu na mwisho wa maisha yake. Wasomaji wa Kiswahili tulipata kazi ile kwa sababu kulikuwa na Kikerewe kwanza. Na mpaka leo ukienda Ukerewe utakuta watoto wanaoongea Kikerewe na Kijita mchana mmoja, Kiswahili kikiwa juu yake, na hakuna anayewaona ni wa ajabu.

Nasema hivyo kwa sababu hofu ya pili, na hii inawapata wazazi wengi kuliko ile ya ukabila, ni kwamba mtoto atachanganyikiwa. Binti yangu alipoanza chekechea, mwalimu aliniita pembeni akanishauri kwa nia njema kabisa niache "kilugha" nyumbani, maana mtoto anachelewa kuongea. Hakuwa amechelewa. Alikuwa anaongea sana, ila nusu ya maneno yake mwalimu hakuyajua. Utafiti wa miaka mingi katika nchi nyingi umeonyesha kwamba kulelewa kwa lugha mbili hakusababishi mtoto kuchelewa kuongea. Mtoto wa lugha mbili anaweza kuwa na maneno machache kidogo katika kila moja ukizipima kando kando, lakini ukizijumlisha yuko sawa na wenzake. Kuchanganya nako si ugonjwa. Anachukua neno lililo karibu, kama sisi sote tunavyofanya. Mtoto mwenye tatizo la kweli la kuongea, au la kusikia, atakuwa nalo katika lugha zote mbili, na huyo anahitaji mtaalamu. Kumnyang'anya lugha ya bibi yake hakumtibu.

Basi nilifanyaje? Sikufundisha. Mtoto mdogo hafundishwi lugha, anaongeleshwa. Nilianza siku aliyozaliwa, namwosha huku namwambia ninachofanya, namvalisha, namkemea, namwimbia. Amri za kila siku zote ni za Kisukuma: nzugu, yaani njoo; leka, yaani acha. Asubuhi ananisalimu mwangaluka mayu (mayu ni mama), jioni mwadila. Akipewa kitu, wabeja. Akiulizwa hali, mhola duhu, salama tu. Haya ni madogo lakini yana faida moja: yanatumika kila siku, kwa hiyo hayasahauliki hata wiki zikiwa mbaya.

Baba yao anaongea nao Kiswahili. Hapa ndipo palipohitaji mazungumzo ya kweli kati yetu, na nawaomba walio katika ndoa za makabila mawili wasiparuke. Aliniuliza waziwazi: nikikaa mezani kwangu, nyumbani kwangu, mke na watoto wanacheka na mimi sijui kinachochekesha, nitakuwa nani? Ni swali halali. Tukakubaliana kwamba jambo linalohusu wote wanne linasemwa kwa Kiswahili, na la kwangu na mtoto linasemwa kwa Kisukuma hata baba akiwepo, na akiuliza anaelezwa bila kununiwa. Ilivyotokea ni kwamba anajifunza kutoka kwa watoto. Anakosea, wanamsahihisha, wanafurahi. Kuna suala jingine alilolileta shemeji yangu mmoja: kwa mila watoto ni wa baba, kwa hiyo ni Wapare, na kama ni lugha basi iwe Kipare. Mume wangu alimjibu mwenyewe kwamba Kipare angekitoa wapi? Anayekijua vizuri ni shangazi yake aliyeko Same, na huyo sasa anapigiwa simu Jumapili. Watoto wanajua salamu na wimbo mmoja. Ni kidogo. Lakini nimeona uso wa shangazi kwenye video akisikia wimbo ule, na sitawaambia wanangu kwamba ni kidogo.

Kuna sababu moja ya kuanza mapema ambayo hailingani na nyingine zote, nayo ni masikio. Kisukuma kina irabu saba, Kiswahili kina tano. Kati ya i na e ipo nyingine, kati ya u na o ipo nyingine. Kuna toni pia, na toni yenyewe haitulii: sauti ya juu inayotoka kwenye mzizi wa neno husogea mbele ikasikika silabi za baadaye, kwa hiyo neno moja linabadilika mwendo kulingana na majirani zake. Kuna m na n zinazotolewa na pumzi kupitia puani, kama ile ya mhola. Mume wangu, mtu mwenye shahada mbili, bado anasema "mola duhu" na mama yangu anamwitikia amina. Binti yangu hakuelezwa lolote kati ya haya. Aliyasikia kabla hajaota meno, na sasa anayatoa kama aliyezaliwa Malya.

Na sarufi je? Hiyo nilishuhudia ikijengeka yenyewe, na sijui kama kuna jambo lililowahi kunifurahisha zaidi katika malezi. Alikuwa amesikia munhu na banhu, ng'wana na bana. Siku moja akarudi shule akaniambia habari za "barafiki" zake. Hakuna aliyemfundisha neno hilo, halipo. Alilitengeneza. Alikuwa amegundua, akiwa na miaka mitatu na nusu, kwamba pale Kiswahili kinapoweka wa-, mayu anaweka ba-, akachukua rafiki akampitishia humo. Nikajua hakariri. Anayo mashine kamili kichwani.

Usiku ni wa hadithi. Kwetu ukisema hadithi, inayotangulia ni ya Shing'weng'we, jitu lililomeza watu wote na mifugo yote, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Akazaa mtoto, Masala Kulangwa, mwerevu kuliko umri wake, naye akawa anamuuliza mama yake: watu wengine wako wapi? Anakua, anakwenda kulitafuta jitu, analiua, analipasua tumbo, na watu wanatoka mmoja mmoja, ng'ombe wanatoka, mji mzima unatoka. Ila wakati wa kupasua, kisu kinamkata bibi mmoja sikio, na bibi yule badala ya kushukuru anakasirika, anataka kulipiza. Binti yangu hasinzii mpaka afike kwenye sikio. Anataka kujua kama lilipona. Anataka kujua kwa nini bibi hakuomba msamaha. Ana hoja, na hoja zote anazitoa kwa Kisukuma, kwa sababu hadithi ile haijawahi kumfikia kwa lugha nyingine. Mtoto anayetaka kujua mwisho wa hadithi hatakuuliza ni lugha gani.

Chekechea ilibadilisha mambo, kama inavyobadilisha kwa kila mtu. Alipofika miaka minne nilimwongelesha Kisukuma akanijibu Kiswahili, siku nenda siku rudi. Hapo ndipo wazazi wengi wanapokata tamaa, wanasema mtoto amekataa. Hajakataa. Anapima ni lugha ipi inayomlipa zaidi, na shuleni, dirishani kwa jirani, kwenye katuni, kote Kiswahili kinalipa. Sikumlazimisha kujibu, sikujifanya sikusikia; mchezo wa kujifanya humsikii mtoto mimi siupendi, unamfanya aone mapenzi yako yana masharti. Niliendelea tu upande wangu. Akisema "nataka maji", namwambia kwa Kisukuma kwamba minzi yapo mezani, na namwachia. Masikio yake yalikuwa kazini hata mdomo ulipopumzika.

Aliyeuamsha mdomo ni mama yangu. Nilipojifungua wa pili alikuja Dar kunilea, na akakaa kwa muda mrefu kuliko alivyopanga. Mwanzoni hata yeye alikuwa anamwongelesha mjukuu Kiswahili, akidhani ndiyo heshima kwa mtoto wa mjini. Nilimwomba, kwa kupiga magoti kabisa kama tunavyoomba kwetu, amwongeleshe kama alivyoniongelesha mimi. Basi. Akajitokeza yule mama ninayemjua. Ugomvi ukaanza jikoni, kwamba mjukuu hajui kuchambua mchicha. Kukawa na michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, vya kuletwa kwenye gunia, na mjadala mrefu wa kipi kitamu kuliko kingine. Mtoto akaona kuna mtu mzima ndani ya nyumba ambaye kwa Kiswahili ni mgeni na kwa Kisukuma ni mfalme, na kwamba akitaka kumshinda lazima amfuate huko. Akamfuata. Wamaori wa New Zealand walilitambua jambo hili mapema. Mwaka 1982 walianza kufungua shule za watoto wadogo ambamo wazee ndio wanaolea, kwa Kimaori tupu, kwa sababu kizazi cha katikati kilikuwa kimeshaiacha lugha. Sisi bado tuna mabibi wenyewe, wazima, wenye simu mkononi. Tunachohitaji ni kuwaruhusu waongee.

Lakini hapa kuna jambo linaloniuma. Wakati binti yangu anaanza kupenda Kisukuma, ulimwengu ulianza kumwonyesha kwamba ni kichekesho. Tazama video fupi za vichekesho kwenye simu. Akitakiwa mshamba, mtu asiyejua lifti, anayeshangaa ghorofa, mara ngapi hupewa lafudhi ya Kisukuma? Siku moja mtoto wa jirani alimwiga binti yangu akiongea na mimi getini, kwa sauti ile ile ya video. Watoto wakacheka. Binti yangu hakulia. Aliniuliza usiku kwa nini Kisukuma kinachekesha. Nilimwambia ukweli wangu wote: hakichekeshi, wanaocheka hawakijui, na nyanya wa nyanya yake aliongea hivyo hivyo. Kisha nikamtafutia ngoma. Bugobogobo, vijana na majembe yao wakiyarusha juu na kuyadaka bila kupoteza hatua. Mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma, baada ya mavuno. Na mwaka jana tulikwenda Bujora, karibu na Kisesa, wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma, akaona maelfu ya watu wazima wakiimba kwa lugha ile na hakuna hata mmoja aliyekuwa anafanya kichekesho. Aliyaona kwa macho yake. Sikuongeza maneno.

Na kicheko kingine, kibaya zaidi kwa kuwa kinatoka kwetu, ni cha ndugu. Mtoto wa mjini anajikakamua kusema sentensi yake ya Kisukuma mbele ya wajomba, anakosea toni, na ukumbi mzima unaangua kicheko: "Sikieni Msukuma wa Dar!" Wanacheka kwa upendo, najua. Lakini mtoto haoni upendo, anaona kwamba amefungua mdomo wakacheka, na kesho hataufungua. Huwa nawapigia kabla hatujafika. Namwambia kaka, namwambia shangazi, tafadhalini, akikosea mwitikieni kama aliyepatia, na msigeukie Kiswahili kumrahisishia.

Kuhusu shule na serikali nitasema kidogo tu. Sera ya Utamaduni ya 1997 inazitaja lugha za jamii kwa heshima na inahimiza ziandikwe na kutafitiwa, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifanya kazi kubwa kupitia mradi wake wa Lugha za Tanzania, uliotoa atlasi mwaka 2009 yenye lugha takriban mia na hamsini. Nashukuru. Lakini mtoto wangu hawezi kusikia Kisukuma redioni hapa kama Mkikuyu wa Nairobi anavyosikia lugha yake Kameme FM tangu mwaka 2000. Vitabu vya watoto kwa Kisukuma sijaviona dukani. Biblia ipo, nzima, tangu 1960, na ndiyo kitabu alichojifunzia mama yangu kusoma lugha yake. Kwa hiyo naandika mwenyewe, kwenye daftari la kawaida, hadithi fupi za nyumbani kwetu, na binti anachora picha.

Ninalolitazama kwa wasiwasi ni lile ninaloliona kwa rafiki zangu wenye uwezo zaidi. Watoto wao wako shule za Kiingereza tangu miaka mitatu, wanaadhibiwa wakiongea Kiswahili uwanjani, na nyumbani wazazi wanawageukia kwa Kiingereza, kwa shingo ile ile iliyogeuzwa kutoka Kisukuma. Wale watoto wana bibi wanaowapata kwa Kiswahili chenye maneno kumi. Kiswahili kina taasisi, kina siku yake ya dunia tarehe 7 Julai. Hakuna kati ya hivyo kinachoingia sebuleni kumwongelesha mtoto.

Kwa wanangu, pagumu sasa ni wao kwa wao. Wakicheza wawili, wanacheza kwa Kiswahili. Dada ndiye mwenye mamlaka ya mchezo na ametoka nayo shuleni. Nimeacha. Lugha ya mchezo ni mali ya wanaocheza. Ila nimeona mdogo akiumia anamkimbilia dada yake kwa Kisukuma, na dada anambembeleza kwa Kisukuma, bila mmoja wao kugundua. Kaka yangu aliyeko Geita naye amekuwa msaada ambao sikuutarajia. Anawatumia sauti kwenye WhatsApp kuhusu ng'ombe wake, nani amezaa, nani mkorofi, wa rangi gani, na wanagombea simu.

Tukiwa kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro tunategeana vitendawili. Mmoja anasema kalagu, wengine wanaitikia kize. Juzi binti yangu alimpigia bibi yake Ngudu akamtegea cha kwake mwenyewe, alichokitunga garini tukiwa tumekwama: sisi sote tumesimama, yeye anapita katikati peke yake na hakuna anayemzuia. Mama akajaribu mtemi. Akajaribu mto. Akajaribu mvua ya masika. Akashindwa. Jibu lilikuwa mwendokasi, na ikabidi mtoto amweleze bibi, kwa Kisukuma, basi refu lenye njia yake lenyewe lililozungushiwa ukingo, na vituo vya vioo, na kadi ya kulipia, mpaka bibi akaridhika kwamba kitendawili ni halali. Kisha, kwa kuwa shuleni wamemfundisha kwamba aliyeshindwa hutoa mji, akamwambia bibi atoe mji. Mama hakuwa na habari na desturi hiyo. Akauliza mji wa nini. Akaelezwa. Akafikiri, akasema basi chukua Ngudu yote, stendi na soko, ila nyumba yangu uniachie.